Mwiko Aliouchonga Mume Wangu

Msimu mzima wa baridi nilifagia vibanzi. Natoka kazini Rockville, huku Maryland, Amerika, ambako kutwa nimemwogesha bibi wa watu, nimemlisha, nimemgeuza ubavu huu na ule, nakaa kwenye foleni ya magari mpaka mgongo unalia, nafika Germantown, nafungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe, na kinachonipokea ni vibanzi vya mti. Viko juu ya zulia, viko kwenye kochi, viko ndani ya ndala zangu za bafuni. Na mume wangu yuko kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na mlango wa kioo wa nyuma, amebana kipande cha mti katikati ya magoti, anachonga. Hageuki hata kuona nani ameingia.

Nilikuwa nagomba, kwa nini nifiche? Nilikuwa namwambia, hivi wewe mwanamume, huko nje mimi ni mtumishi na humu ndani mimi ni mtumishi, angalau lionee huruma zulia. Yeye anaangalia mti wake. Ningemrushia kitu, ila kila ambacho ningemrushia ni mimi ningekiokota.

Kiharusi kilimpata akiwa kazini, kwenye ghala moja upande wa Virginia. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Mkono na mguu nilivizoea upesi, hiyo ndiyo kazi yangu, nimeinua watu wazito kuliko yeye. Ulimi ndio ulionishinda. Kiingereza kilimtoka chote. Kiswahili chetu, tulichotongozana nacho na kugombana nacho miaka yote hiyo, kilimbakishia maneno matatu tu: ndiyo, hapana na basi. Lakini simu ya dada yake ikilia kutoka Manassas, hukohuko Virginia, nikamwekea sikioni, jamani, mtu huyohuyo anazungumza! Anazungumza kikwao, anakwama hapa na pale, lakini anasimulia, anauliza, anacheka. Daktari alinieleza kwamba hutokea, lugha mtu aliyoianza kwa mama yake inaweza kurudi kabla ya nyingine zote. Mimi ni mtu wa Morogoro, yeye ni wa Kitui. Kikwao sikukijua zaidi ya salamu. Hakuna aliyenifundisha, na sikuona haja, Kiswahili kilitutosha. Basi nikawa nasimama pale kama mlingoti, nimemshikia simu mume wangu azungumze na mtu mwingine. Simu ikikatwa ananitazama na kuniambia, "Basi."

Mama aliyekuwa akija kumnyoosha viungo ndiye aliyesema mikono ipewe kazi, tena iwe kazi anayoipenda mwenyewe. Mume wangu akaonyesha garaji kwa kidevu. Nikamtolea msumeno, hapana. Nikamtolea brashi za rangi, hapana. Nilitoa kila takataka iliyokuwa mle ndani, jasho likanitoka kwenye baridi, mpaka nilipofungua sanduku la zamani nikakuta tezo, kale kashoka ambako bapa lake limelala kama jembe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Baba yake alikuwa mchongaji, na yeye alichonga tangu utotoni mpaka siku aliyopanda ndege. Huku hakuwahi kuligusa. Nani ana nafasi ya kuchonga huku?

Mti wenyewe ulitoka kwa jirani. Theluji ilikuwa imemvunjia tawi la mcheri wake, ule mti wa matunda madogo mekundu, naye akafurahi kuliona linaondoka. Wanasema kwenye miti hapana wajenzi, basi mimi nilikuwa na mjenzi asiyeweza kusimama. Siku zangu za mapumziko nilimshikia kipande juu ya gogo, yeye akapiga tezo kwa mkono wa kushoto, ambao si wake wa kazi, na kila pigo nilifumba macho nikiviombea vidole vyangu. Likishapatikana umbo aliendelea na kisu peke yake. Mti mbichi ukikauka haraka hupasuka, kwa hiyo kila jioni niliufunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vibanzi vyake vibichi. Halafu akataka uchemshwe. Tena si kwenye sufuria yoyote, akaonyesha sufuria yangu ya pilau, kwa kuwa ndiyo ndefu. Nikakataa. Akasema ndiyo. Nikachemsha mti mchana kutwa kama mtu anayechemsha makongoro, nyumba ikanuka msitu, na mpaka leo sufuria ile ina doa.

Sikujua anachonga nini mpaka siku aliyonivuta mkono. Nilikuwa napita na kapu la nguo. Akanidaka kifundo cha mkono, akanifungua kiganja, akalaza juu yake kile kipande ambacho sasa kilikuwa na mpini na bapa, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja. Akaangalia mpini unapoishia, akatia alama kwa ukucha. Akaniambia, "Basi," nikaenda zangu na kapu langu. Nilifika chumba cha kufulia nikakaa juu ya nguo chafu nikalia. Tangu hospitali mimi ndiye niliyekuwa namshika. Siku ile alinishika yeye, na alikuwa ananichongea mwiko.

Hapa lazima niseme nilikuwa nataka nini, maana kuna mtu atasema mwiko ni mwiko tu, nenda dukani kanunue. Mume wangu hakuwahi kuniambia asante. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakulewa, hakunificha kitu. Ila asante haikutoka mdomoni mwake. Nikimpikia, anakula, ananawa, anasema leo nyanya zilikuwa nzuri, kana kwamba nyanya zilijipika. Ujana wangu wote nilijiambia ndivyo wanaume walivyo, nikacheka na mashoga zangu kanisani. Lakini baada ya kiharusi, baada ya kumfuta, kumlisha, kumwamsha na kumlaza, jambo lile lilianza kuniuma kama jino bovu. Nikawa nasema moyoni, siku moja kabla mmoja wetu hajafa huyu mtu atanishukuru, kwa neno au kwa kitu, na mimi nitatulia. Sikutaka zaidi ya hapo. Na kwetu mwiko ni heshima. Bibi harusi hupewa na shangazi zake kwenye kichenpati, watu wanapiga vigelegele, wanauinua juu uonekane. Mimi sikupigiwa vigelegele. Tulifunga ndoa huku, ndugu wa pande zote mbili wakiwa ng'ambo, hakuna shangazi wa kunifunda, hakuna wifi wa kunieleza kwao kuna nini na nini. Huyu wifi wa Manassas alikuja Amerika miaka mingi baadaye, alinikuta mke wa siku nyingi, akadhani najua kila kitu.

Mume wangu alinikabidhi mwiko Jumapili, tumetoka kanisani, hata koti sijavua. Aliuokota mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaupandisha chini ya mwiko ili anipe kwa mikono miwili. Ulikuwa mzuri, Mungu wangu. Mwekundu wa kukolea, laini, bapa pana la kusongea ugali, mpini umeingia kiganjani mwangu ukatulia. Nikamwuliza, ni wangu mimi? Ndiyo. Umenichongea mimi? Ndiyo. Nikaupokea kwa mikono miwili na goti nikapiga, mimi na magoti yangu haya mabovu, nikamwambia nimepokea, mume wangu, nimepokea. Naye akalia. Tukalia wote wawili.

Sasa mtu mwenye akili angeuweka mwiko kwenye droo akanyamaza. Mimi kichwa kilivimba. Niliupiga picha nikamtumia kila mtu, na wa kwanza ni wifi. Akanipigia papo hapo. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli nimeupokea. Nikamwambia kwa mikono miwili, wifi, na goti juu yake. Kisha akasema Mungu anibariki, mimi ni mwanamke wa ajabu, Jumamosi watakuja. Nilikata simu nikijiona nimepaa.

Jumamosi alikuja na mzee mmoja wa ukoo wao anayeishi hukohuko Virginia. Mzee amevaa suti na tai kama anakwenda kwenye mazishi. Nikajisemea, tazama heshima hii yote ni ya mwiko wangu. Nilikuwa nimechoma kuku na kukaanga sukuma wiki, ugali nikauacha makusudi wausubiri, ili waone. Jiko letu liko wazi, ukikaa sebuleni unamwona mpishi. Maji yalipochemka nikatia unga, nikauinua mwiko juu kidogo, wauone vizuri, nikaanza kusonga. Yule mzee akasimama. Akasimama wima, mikono mbele, mpaka nilipopakua. Mimi nikadhani mzee wa watu ana hamu ya ugali.

Walikula bila maneno mengi. Mume wangu alikuwa ameinamisha uso. Baada ya kunawa mzee akanishukuru kwa Kiswahili cha polepole, akasema nimewaheshimu, wanawake wachache wangefanya nilivyofanya, na kwamba amani ya namna hii ni zawadi kutoka kwa Mungu. Nilitabasamu mpaka gego la mwisho. Nikamjibu, mbona ni jambo dogo, mzee wangu.

Kisha wifi akanifuata kwenye sinki, akachukua taulo, akawa anafuta sahani ninazoosha. Akaniambia, "Sasa wifi, tuje kumchukua lini?"

Nikamwuliza kumchukua nani.

"Si yeye," akasema, akageuza macho kwa kaka yake. "Chumba kiko tayari. Ni wewe tu useme siku."

Nilifunga bomba. Nilimwambia wifi, nieleze polepole kama unamweleza mtoto. Na yeye, maskini, uso ukaanza kumbadilika, akaona kwamba mimi sijui. Akaniuliza, "Kwani hukujua? Miaka yote hii?" Ningejua kwa kuambiwa na nani? Akanieleza hapohapo, taulo mkononi. Kwenye ukoo wao mwanamume humchongea mwiko binti yake au dada yake anapokwenda kuolewa, yaani anayetoka nyumbani kwenda kuwa na jiko pengine. Mke aliye ndani hachongewi na mumewe hata siku moja. Mume akimchongea mke mwiko, akampa mkononi, amemwambia kwa adabu, bila matusi wala kesi, kwamba jiko lao si moja tena. Mke akitaka kukataa anauacha chini. Akiupokea, amekubali. Na akiusongea ugali mbele ya mtu mzima wa ukoo, nao wakaula, basi imekwisha, hakuna wa kumlaumu mwenzake. Babu yao alimfanyia hivyo mke wake mmoja, na yule bibi aliukataa, wakaishi wote wakinuniana mpaka kaburini.

Nikamwuliza, na wewe ulijua tangu lini? Akasema walikuwa wanazungumza juu ya jambo hili tangu kabla ya theluji. Kwenye simu. Simu ambayo nilikuwa nimemshikia mimi, kwa mkono wangu huu, karibu na masikio yangu haya mawili. Nilishika kipande, nikachemsha mti, nikauhifadhi usipasuke, nikapiga goti, nikaalika mashahidi, nikawapikia. Hata adui yangu hajawahi kunifanyia kazi nzuri namna hiyo. Nilijipalia makaa na kuyapuliza mwenyewe.

Walipoondoka nilizima televisheni, nikavuta kiti, nikakaa mbele ya mume wangu goti kwa goti. Mwiko nikamwekea mapajani.

"Ulijua maana yake?"

"Ndiyo."

"Na ulijua kwamba mimi sijui?"

Hapo alichelewa. Aliangalia mkono wake uliokufa, akaangalia dirisha. Nikamngoja. Nimewangojea watu wengi wakitafuta maneno, kazi yangu imenifundisha kungoja.

"Ndiyo," akasema.

Nikamwuliza kama anataka kwenda kwa dada yake. Ndiyo. Nikamwuliza kama nimemkosea. Hapana, hapana, hapana, akatikisa kichwa mpaka mate yakamtoka, na mkono wangu wenyewe bila kuniuliza ukachukua kitambaa ukamfuta. Kisha akaweka kidole juu ya midomo yake. Akakitoa, akaielekeza simu iliyokuwa mezani. Akarudia tena, mdomo, simu, mdomo, simu, macho yamemtoka kwa kutaka nielewe.

Nilielewa, mimi si mjinga. Kule Manassas ana mdomo. Kule ataamka asubuhi aseme ameota nini, abishane, atanie, asimulie habari za baba yake mtu aelewe. Kwangu ana maneno matatu na mwanamke anayemwambia inua mguu, geuka, meza. Mimi nilimpa mikono yangu yote miwili, kumbe alichokuwa na njaa nacho ni mazungumzo, na hayo sikuwa nayo ya kumpa. Nilielewa, na kuelewa kukanizidishia hasira, kwa sababu angekuwa mbaya tu ningemchukia nikalala usingizi wangu. Nikamwambia mengi jioni ile. Nilimwambia asante ya punda ni mateke. Nilimwambia mwizi angalau huvunja mlango, hamwombi mwenye nyumba amshikie tochi. Alisikiliza yote, kisha akaniashiria kwamba anataka kwenda chooni. Nikampeleka.

Nilimpigia binti yetu, mzaliwa wa hukuhuku. Yeye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akanijibu kwamba pengine ni afadhali kwa wote, kwamba sasa nitapumzika. Pumzika! Kila mtu alikuwa na neno hilo siku zile. Pasta, mashoga, jirani wa mcheri. Wanalisema kama wananipa kitu. Kutwa nzima nashinda na wazee waliopumzika, nawaona wanavyotazama mlango.

Kuna walioniambia nikatae. Mila ni za kwao, wakasema, na wewe ni mke wa ndoa ya kanisa, tena uko Maryland, nani atakulazimisha? Ni kweli hakuna. Ningeweza kumzuia, hata kiti chake chenyewe hakitoki mlangoni bila mtu kukisukuma. Nilifikiria hivyo asubuhi moja nikimvalisha soksi, nikaona jinsi ninavyoweza, nikajiogopa. Nikampigia wifi nikamwambia waje wiki inayofuata.

Siku yenyewe nilimwogesha mwenyewe, nikamnyoa ndevu, nikampaka mafuta, nikamvalisha sweta la bluu. Sikutaka mtu aseme alitoka kwangu mchafu. Nilimweleza wifi dawa moja moja, ya asubuhi, ya jioni, ipi inamletea kizunguzungu, na kwamba akinyamaza ghafla mezani si kwamba ameshiba, ni kwamba chakula kimemkwama shavuni. Wifi aliitikia kwa kichwa kila neno. Mimi na yeye tukamwinua, tukamwingiza kwenye gari, nikamfunga mkanda.

Nilipotaka kutoa mkono akanishika. Akaanza kuzungumza. Kikwao, maneno mengi, moja linavuta jingine, hayakwami. Tangu augue sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile huku ananiangalia mimi. Machozi yakamtoka, akaendelea kusema. Alipomaliza nikamgeukia wifi, nikamwuliza amesema nini.

Wifi alikuwa anajifuta macho kwa mtandio. "Anakushukuru, wifi," akaniambia. "Anasema asante kwa yote."

Neno lao la asante nalijua. Alikuwa akimwambia dada yake kila wanapoagana kwenye simu, na mimi nimemshikia, ningekosaje kulijua? Nilikuwa nimelisikiliza katika maneno yale yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho, kama mzazi anavyosikiliza majina ya waliofaulu yakisomwa. Halikuwamo.

Nikamwambia wifi amwambie nimesikia. Kisha nikafunga mlango wa gari, maana baridi ilikuwa inamwingia.